Harufu ya Udi Mizingani

Shangazi Faridah hakumuuliza Chadia kama anataka kufukizwa. Alimshika mabega, akamsimamisha juu ya chetezo, akamwamuru atanue miguu kidogo ili moshi uingie chini ya kikwembe na kujitafutia njia ya juu.

"Shangazi, nachelewa."

"Mwanamuke anayetafutwa hachelewi. Wanaomutafuta ndio wanangojea."

"Leo ni jaribio la mwisho la nyuki. Mama Jeannette hangojei mutu."

"Huyo Jeannette aliolewa?"

"Iko na wajukuu."

"Basi ataelewa. Geuka."

Chadia akageuka. Udi ule ulikuwa umetoka Kasongo, umefungwa katika kitambaa, kitambaa katika kopo la maziwa ya unga, kopo katika sanduku ambalo Shangazi Faridah alilipakata njia nzima juu ya pikipiki, kwenye matope na madaraja ya magogo, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hapa Kabambare, alisema, watu wamesahau mambo. Kasongo bado wanajua jinsi msichana anavyotolewa mbele ya wageni. Kwa hiyo alifukiza kikwembe, akafukiza mtandio, akafukiza shuka la kitanda ambacho hakuna mgeni angekiona. Alipomaliza hayo akazunguka nyumba nzima na chetezo mkononi, akitafuta kitu kingine cha kufukiza.

Wageni walikuwa wanawake wawili kutoka Salamabila, mama yake Souleymane na dada yake, waliolala kwa jirani tangu jana. Souleymane mwenyewe alibaki kwenye biashara yake ya dhahabu. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, alisali, hakunywa, na kila alipopita dukani kwa Mzee Ramazani, baba yake Chadia, alisalimia kwa adabu na kuondoka bila kukodoa macho. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Chadia kuliko yote: alikosa kasoro ya kumshikia.

Wakaketi mkekani. Mama Asma, mama yake Chadia, akamimina chai. Mama yake Souleymane akauchukua mkono wa Chadia, akaugeuza kiganja juu kama anayechagua muhogo sokoni.

"Mikono yake migumu."

"Ni ya kazi, dada," Shangazi Faridah akadakia. "Hii haiko nyumba ya wavivu."

"Kazi gani ya musichana inakomaza mikono hivi?"

"Anajifunza kufuga nyuki, huko katika musitu wa jamii. Mambo ya vijana. Itapita."

Itapita! Chadia alihisi neno lile likimchoma kuliko mwiba wa nyuki. Kisha shangazi akamgeukia, akalainisha sauti, akauliza swali ambalo wasichana wa nyumba hiyo waliulizwa kizazi baada ya kizazi.

"Mwanangu, wageni wamekuona, wamekupenda. Uko na neno?"

Neno lilikuwapo. Lilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa la kanisani. Lilimpanda hadi kooni likakwama pale, kwa kuwa mama yake Souleymane alimtazama kwa huruma, shangazi alimtazama kwa furaha, na baba yake alikuwa ng'ambo ya pazia, akikohoa. Miezi yote ya mafunzo Mama Jeannette alikuwa akiwafundisha kumeza sauti zao: mbele ya mzinga husemi kwa nguvu, hushtuki, hutikisi mkono. Chadia alikuwa mwanafunzi mwema kupita wote. Aliinamisha macho, akautazama mkeka.

Kigelegele cha Shangazi Faridah kilipasua nyumba.

"Kimya cha mwali ni jibu lake! Alhamdulillahi! Ramazani, umesikia?"

Mama yake Souleymane akatabasamu. Dada yake Souleymane akapiga kigelegele cha pili. Mama Asma hakupiga. Alikuwa ameshika birika, akimtazama binti yake juu ya mvuke wa chai.

Ikapangwa kwamba Mzee Ramazani atatoa jibu rasmi baada ya sala ya laasiri, wageni wapande pikipiki zao warudi Salamabila na habari njema. Chadia akaomba ruhusa, akakimbilia chumbani, akavua nguo za kutazamwa na kuvaa salopeti, ovaroli yake ya kazi, aliyoikuta kitandani imekunjwa vizuri sana. Hakujiuliza ni nani aliyeikunja. Wala hakusikia harufu yoyote. Pua yake ilikuwa imejaa udi tangu alfajiri, na anayeshinda jikoni hasikii mchuzi ukinukia.

*

Théophile alimngojea pale njia inapoingia msituni, bomba la moshi mkononi, akipuliza nyuzi kavu za mchikichi zishike moto. Alikuwa mtoto wa wakulima wa ng'ambo ya mto, Mbangubangu kwa kabila, Mkristo tangu babu yake. Kabla ya mafunzo alichekecha mchanga wa dhahabu kule Lusangi, mpaka siku shimo lilipomfunika rafiki yake naye akiwa amesimama juu, kamba tupu mkononi. Hakurudi tena shimoni. Alipolala bado aliliota.

Msitu huu wa jamii ndio uliomwokoa. Zamani mtu aliyetaka asali aliuangusha mti mzima na kuuchoma. Aliyetaka nguzo za kushikilia mashimo ya dhahabu naye akakata wake. Kisha wazee wa vijiji wakakubaliana: mti uliobeba mzinga haukatwi. Vijana wakaitwa wafunzwe kuotesha miche, kulinda mipaka, kufuga nyuki. Atakayefaulu jaribio la mwisho angepewa mizinga yake na kazi ya ulinzi wa msitu. Walifanya kazi wawili wawili, kwa kuwa mzinga haufunguliwi na mtu mmoja: mmoja atoe moshi, mwingine atoe masega. Mama Jeannette, mwalimu wao, ndiye aliyewapanga. Hakujua alichopanga, au alijua akanyamaza.

Mapenzi yao yalianza kwa mwiba. Chadia aliumwa kiganjani siku ya kwanza, akataka kuung'oa kwa vidole. Théophile akamzuia. "Ukiukamua, unajimwagia sumu yote," alisema, akaukwangua kwa ukucha, pole pole. Mwiba ulipotoka, mkono ukabaki mkononi mwake muda mrefu kuliko mwiba ulivyohitaji.  Tangu hapo Chadia aliacha mafuta ya nywele, akaacha sabuni za dukani kwa baba yake, akaoga kwa sabuni ya mawese peke yake, kwa sababu nyuki huchukia manukato. Shangazi yake angeona ni kujichakaza. Théophile aliona ni kujipamba.

"Umechelewa," Théophile alisema.

"Nimefika."

Alikuja nyuma yake kumfungia kofia ya wavu, kama kawaida yao. Vidole vyake vikaanza kamba, vikasimama. Chadia akasikia pumzi yake shingoni, ikivutwa mara moja, kisha tena.

"Chadia. Kwenu munachoma udi wakati gani?"

"Idi. Na pia..."

"Idi ilishapita."

Kutoka uwanja wa mizinga sauti ya Mama Jeannette ikawafikia. "Ninyi wawili! Mumekuja kufungua muzinga ama kufungua mioyo?"

"Mama, mioyo ilishafunguliwa zamani!" akajibu Salomon, mcheshi wa kundi, aliyekuwa amekwisha kufaulu na sasa alikaa kwenye gogo akilamba asali. "Imebaki muzinga tu!"

Wenzao wakacheka. Chadia akacheka nao, cheko kavu lisilofika machoni. Théophile hakucheka. Alifunga kamba kwa haraka, akatangulia, na kwa haraka ile wala yeye wala Chadia hakuona kwamba wavu ulikuwa umeachia upande wa kushoto.

Walipiga magoti mbele ya mzinga. Théophile akapuliza moshi mlangoni. Chadia akainua kifuniko taratibu, na mlio wa nyuki ukapanda kutoka ndani, mnene, kama watu wengi wanaosali pamoja kwa sauti ya chini.

"Nani amekuja kwenu?" Théophile alinong'ona.

"Si sasa."

"Ni sasa. Nani?"

"Wamama wa Salamabila."

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu."

"Na wewe ulisema nini?"

Sega la kwanza lilikuwa mikononi mwa Chadia, zito, limefunikwa na nyuki. "Sikusema kitu."

Théophile alijua maana yake. Kabambare nzima ilijua, ya msikitini na ya kanisani, kwamba mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali.

"Ulinyamaza," Théophile alisema, na mkono wake ukasahau bomba.

Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Mlio wa mzinga ukabadilika. Ule unene ukaisha, ukabaki ukali, kama kisu kwenye jiwe. Nyuki mmoja akagonga kifua cha Chadia. Akagonga wa pili. Kisha wakamwagika wote pamoja, na hawakumwendea Théophile, hawakumwendea Mama Jeannette. Walimwendea Chadia, kwenye salopeti yake, kwenye mabega na kiuno, kana kwamba kila uzi wa nguo ile ulikuwa ukiwatukana.

"Usikimbie!" Théophile alisema. "Rudisha sega. Tembea."

Alilirudisha. Alitembea. Kisha nyuki wa kwanza akapata njia upande wa kushoto, akaingia ndani ya wavu, na Chadia akamsikia sikioni mwake kabisa. Akapiga kelele.

Théophile hakufikiri. Alivua kofia yake mwenyewe, akaing'oa ya Chadia, akampiga nyuki wa shavuni kwa kiganja, akamvika wavu wake na kuukaza kwa mikono miwili. Kisha akamkumbatia kwa nyuma, kichwa kitupu, akamsukuma kupita vichaka mpaka kijitoni. Njia yote hiyo Chadia alisikia nyuki wakimpiga Théophile usoni, nayo ikawa sauti ndogo, kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye bati.

*

Mzinga ulipofungwa na nyuki kutulia, Mama Jeannette alikuja kijitoni. Aliinama, akashika ukosi wa salopeti ya Chadia, akaunusa.

"Sheria ya kwanza ni nini?"

"Hakuna manukato, Mama."

"Na hii?"

"Ni udi."

"Udi haiko manukato?"

 Kwao udi haukuwa manukato. Manukato yalitoka kwenye chupa; udi ulikuwa usafi, kama maji. Hapo ndipo alipoikumbuka salopeti iliyokunjwa vizuri kitandani, akamwona shangazi yake akiitoa kwenye kamba, akiitandaza juu ya chetezo kwa mapenzi, ili mtoto wao asinuke moshi wa msituni mbele za watu.

"Kosa ni langu pia," Théophile alisema. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa minene. "Harufu niliisikia, Mama. Nilifikiria bwana arusi, sikufikiria nyuki."

Hakuna aliyecheka. Hata Salomon aliangalia maji.

"Mutarudia juma lijalo," Mama Jeannette alisema mwishowe. "Wote wawili. Mumoja akikosa kuja, mwengine pia arudi kwake. Sitafungulia mutu mumoja muzinga."

Arudi kwake. Kwa Chadia kwake kulikuwa duka, mkeka na pazia. Kwa Théophile kulikuwa Lusangi na lile shimo.

Mama Jeannette alipokwenda kutafuta pikipiki, walibaki wenyewe. Jicho la kulia la Théophile lilikuwa limezibika.

"Unamutaka huyo mutu?" aliuliza. "Kama unamutaka, sema. Sitakuuliza tena."

"Simutaki. Unajua simutaki. Nakutaka wewe."

"Mimi unaniambia. Wao unawanyamazia." Alivuta pumzi, ikapita kwa shida, ikipiga mluzi. "Mimi niamini Chadia gani?"

"Théo, nipe muda."

"Muda iko mpaka laasiri, si ndiyo? Nyinyi watu wa udi munatoa jibu laasiri." Alitaka kusema zaidi, lakini kikohozi kikamshika, na kilipomwachia mluzi wa pumzi ulikuwa mkubwa zaidi. Chadia akamshika shingo, akaikuta ya moto, imevimba.

"Mama Jeannette! Haraka! Hapumui vizuri!"

Wakampakia kwenye pikipiki, Salomon mbele akiendesha, Mama Jeannette nyuma akimshika asianguke. "Wanasema fuata nyuki ule asali," Salomon alinong'ona, akijaribu mzaha kama mtu anayejaribu daraja bovu. "Leo wametufuata wao." Akawasha injini, wakatokomea.

Chadia aliwafuata kwa miguu, akikimbia, akitembea, akikimbia. Mlangoni mwa kituo cha afya alimkuta mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cha chama cha akina mama wa parokia. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Théophile alikuwa na paji lile lile.

"Wewe ndiye Chadia."

"Ndiyo, Mama Cécilia. Anapumua?"

"Mutoto wangu alitoka katika shimo muzima. Alikuja kukwamia kwenye harufu yako?"

"Mama, niambie tu kama anapumua."

"Wamemupiga sindano. Tunangojea." Mama Cécilia alisimama katikati ya mlango, akaujaza. "Rudi kwenu, mwali. Kwenu iko wageni."

Habari zilikuwa zimeitangulia pikipiki.

*

Alipoingia nyumbani, sala ya laasiri ilikuwa imekwisha. Wote walikuwa wameketi: wageni na mitandio yao ya safari, Shangazi Faridah, Mama Asma, na Mzee Ramazani, kofia safi kichwani. Chadia akasimama mlangoni na salopeti yake ya matope, shavu moja limevimba.

"Subhanallah!" shangazi akaruka. "Nenda ubadilishe!"

"Muache akae," Mzee Ramazani alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyapanga kama bidhaa kwenye rafu. Akajisafisha koo. "Mama Souleymane, mumetuheshimu. Binti yetu aliulizwa asubuhi, akanyamaza. Na kwa desturi yetu, mwali akinyamaza..."

"Baba."

 Masikio yalimvuma, kama nyuki wote wa asubuhi walikuwa wamehamia humo. Alimfikiria Théophile, na mlango uliojazwa na mama yake, na mluzi wa ile pumzi.

"Baba, asubuhi sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa kuogopa."

Kijiko kikaanguka mahali fulani. Hakuna aliyekiokota.

"Mutoto ameumwa na nyuki," Shangazi Faridah akawaambia wageni upesi. "Sumu imemupanda kichwani."

"Sumu iko shavuni, Shangazi. Kichwani niko muzima. Naogopa hata sasa, lakini nasema. Souleymane hana kosa lolote. Ni mimi sitaki."

Mama yake Souleymane alimtazama, ile huruma ya asubuhi ikimtoka taratibu. "Iko mwengine?"

Hapo ndipo pangeweza kutosha. Angeweza kusema hapana, akabakiwa na nusu ya ukweli na nusu ya amani.

"Iko," alisema. "Théophile, mutoto wa Mama Cécilia, ng'ambo ya mto. Leo alinivika wavu wake, nyuki wakamula uso. Iko kituo cha afya, na sijui kama anapumua."

"Théophile," shangazi akarudia, kama aliyekuta unywele ndani ya wali.

Mama yake Souleymane akainuka, akakung'uta mtandio wake. "Nimekuja njia mbaya kutafuta mukamwana," alisema. "Nimeumia, sitadanganya. Lakini afadhali mwali anayesema mukekani kuliko bibi arusi anayelia kila siku katika nyumba yangu. Ramazani, tupe ruhusa."

Wakaondoka. Ngurumo ya pikipiki zao ikafifia kwenye njia ya Salamabila, na nyumbani pakabaki kimya ambacho hakuna aliyejua kukisoma. Mzee Ramazani alikuwa ameinamisha macho, akiutazama mkeka.

"Sema kitu, ndugu yangu!" Shangazi Faridah alilia. "Muonye! Aibu yote hii, na Asma umekaa hapo kama muti!"

"Asubuhi sikupiga kigelegele," Mama Asma alisema. "Hakuna aliyeniuliza kwa nini."

 Chadia akangojea. Angevumilia tusi, angevumilia hata kofi. Kimya kile cha baba yake kilimla moyo polepole.

"Wamemupaka nini?" Mzee Ramazani aliuliza.

"Baba?"

"Huyo kijana. Juu ya uvimbe, wamemupaka nini?"

"Sijui, Baba. Mama yake alinifukuza."

Mzee Ramazani akainuka, akapita mlango wa dukani. Walimsikia akisogeza makopo. Alirudi na chupa ya siki, akaiweka mkekani mbele ya mkewe, siyo mbele ya Chadia.

"Oga kwanza," alimwambia binti yake bila kumtazama. "Uvae nguo isiyopita kwa Faridah. Uende na mama yako, murudi mbele ya sala ya magharibi." Akaivua kofia, akaishika mikononi. "Na hii haiko jibu. Mambo ya dini tutaongea, na hayatakuwa maongezi mafupi."

"Ndiyo, Baba."

"Haiko jibu," alirudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikumbusha mwenyewe.

*

Nguo pekee ambayo Shangazi Faridah hakuifikia ilikuwa kikwembe kilichopauka, kilichokuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Chadia alikifunga, wakavuka mto yeye na mama yake bila kuzungumza. Kituoni waliambiwa mgonjwa amekwisha kupelekwa kwao. Hawakuambiwa ana hali gani, na Chadia hakuthubutu kuuliza.

Mama Cécilia alikuwa mlangoni tena. Mama wawili wakapimana, kitambaa cha parokia na mtandio wa msikitini.

"Hodi, mama mwenzangu," Mama Asma alisema, akiishika chupa kwa mikono miwili. "Mutoto wako alikinga mutoto wangu. Nimekuja kushukuru."

Mama Cécilia akaitazama chupa. "Siki ya duka?"

"Ya duka letu."

 Mama Cécilia akasogea, kidogo tu, upana wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. "Asiongeleshwe sana."

Théophile alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa anapumua. Chadia aliona kifua kikipanda na kushuka, bila mluzi. Macho yote mawili yalikuwa yamezibwa na uvimbe. Uso ule alioupenda ulikuwa kama donge la unga.

"Nani?" aliuliza.

 Siku nzima alikuwa amesema maneno makubwa kuliko umri wake, na sasa hata salamu haikutoka. Akapiga magoti mbele yake.

Théophile akainua kichwa. Pua yake ikavuta hewa, taratibu, kama mtu anayenusa mvua ingali mbali.

"Sabuni ya mawese," alisema. Akavuta tena. "Hakuna udi." Mkono wake ukatafuta hewani, ukapata bega, ukabaki hapo. "Ulisema?"

Nyuma yake Chadia aliwasikia mama wawili, pumzi zao mbili. Hakushusha sauti.

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

"Jina lako."

"Mbele ya yule shangazi wa Kasongo?"

"Mbele yake. Alilitema kama unywele."

Théophile akajaribu kucheka, midomo ikamuuma, akaishika. Kutoka kwenye jicho lile lililozibika likatoka chozi, ama labda ni uvimbe tu.

"Na baba yako?"

"Anasema haiko jibu."

"Basi bado tuko juu ya mwiba."

"Bado."

Mama Cécilia akapita katikati yao. Alilowesha kitambaa kwa siki, akakikamua, akamtazama Chadia kwa muda, akaitazama ile mikono yake migumu. Kisha akamtupia kitambaa mapajani.

"Mbele ya wageni unajua kusema," alisema. "Tuone kama unajua kupaka."

Nje jua lilikuwa likielekea magharibi, na Mama Asma alikuwa akiliangalia. Chadia akakiokota kitambaa.  Akaanzia kwenye kope la kulia, taratibu, bila kushtuka, kama alivyofundishwa kufanya kazi mbele ya mzinga ulio wazi.